Mama alisema nisimletee kitu cha mashine

Goti la kushoto la mamangu lilikuwa limeshabadilishwa na mshono unakauka vizuri, lakini daktari hakutaka tuondoke Ahmedabad kabla ya siku 10, aone anavyolikunja. Kwa watu wengi wa Mombasa niwajuao mimi, India ni hiyo tu: chumba cha kupanga nyuma ya hospitali, bahasha ya eksirei chini ya godoro, na dengu kila siku. Khalati yangu, aliyekuja kumuuguza dadake, alikuwa ameshaliteka jiko la mwenye nyumba. Kazi yangu mimi ilibaki kununua maji na kugombania rimoti. Siku ya tatu nikamwambia mama nataka kwenda Kutch, wilaya ya magharibi ya jimbo hilo hilo la Gujarat, nitarudi baada ya siku nne.

"Kwa kina Bhai?" akauliza, akajikongoja akae vizuri kitandani.

Bhai ndiye aliyekuwa mwenye duka la leso, Biashara Street, ambako mama aliuza kwa miaka 19. Alizaliwa Mombasa na sidhani kama aliwahi kukaa Kutch hata mwezi mzima, lakini akisema na mkewe ni Kikutchi, akihesabu pesa ni Kikutchi, na akijigonga kidole kwa nyundo ni Kikutchi pia. Mama aliokota lugha hiyo hivyo hivyo, nambari na matusi. Tukimuuliza Bhai kwao kukoje, jibu lake lilikuwa moja: kwetu hakuna kitu, munyu tu na watu wanaoimba.

Mama akachomoa rupia 3,000 chini ya mto. "Niletee kitambaa. Na usiniletee kitu cha mashine. Nitajua."

Kujua atajua. Leso ikifika mkononi mwake hasomi jina kwanza kama wanunuzi wengine. Anaigeuza upande wa ndani, anatazama pindo linavyokutana pembeni, anausugua mji, ile sehemu ya katikati, kwa kidole gumba, kisha ananusa. Robota jipya likifika dukani, Bhai alikuwa halipi mpaka mama apitishe mkono.

Nilipanda gari la moshi la usiku, kitanda cha juu kabisa, nimejifunika buibui na shuka juu yake kwa sababu Januari kule ni baridi ya kweli. Kulipopambazuka nikachungulia dirishani nikaona mathenge. Mathenge yenyewe, ule mti wa miiba uliowatesa watu wa Baringo! Kule wanauita gando baval, yaani mgunga mwendawazimu. Serikali iliupanda miaka ya 1960 ili jangwa lisisogee, nao ukasogea wenyewe, ukayala malisho. Nilisafiri kilomita elfu kadhaa kuja kukutana na mti niliouacha nyumbani.

Bhuj, makao makuu ya Kutch, nilikoshukia, si kijiji. Ni mji wenye foleni, pikipiki na maduka ya simu, na sehemu kubwa ni mpya, kwa sababu tarehe 26 Januari 2001, kwenye saa tatu kasorobo asubuhi, siku ya sikukuu ya jamhuri watoto wakiwa na bendera zao, ardhi ilitikisika na mji wa kale ukalala chini. Watu kwa maelfu walikufa. Mwenye nyumba niliyolala hakupenda kuisimulia. Alinionyesha tu ufa kwenye ukuta wa uani ambao hajauziba mpaka leo, akaenda zake kunichemshia chai.

Kila niliposimama niliulizwa neno moja: "Sidi?" Mwanzo nikidhani wananiuliza jina. Kumbe Masidi ni watu wa Gujarat wenye asili ya Afrika, na mimi na weusi wangu na pua yangu nilionekana mmoja wao aliyepotea. Siku ya kwanza jioni, kwenye kibanda cha chai karibu na stendi, nikakaa meza moja na mzee ambaye ningemkuta Majengo ningemwamkia shikamoo bila kufikiri mara mbili. Kiswahili hakijui. Kihindi changu ni cha sinema. Lakini nilipotaja Mombasa akaanza kupiga meza kwa viganja, akasema, "Goma." Ndiyo ngoma yao. Nikamwambia kwetu ni "ngoma". Akanisahihisha, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto: "Goma." Moja ya ngoma zao wanaiita musindo, na mtu wa pwani hahitaji kutafsiriwa msondo.

Mazungumzo yale yalinifurahisha na yakaniuma pia. Wazee wa wazee wake wengi hawakupanda jahazi kwa hiari. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Wakutchi hao hao, ndiyo iliyokodi forodha ya Zanzibar kwa miaka mingi ya karne ya 19, na forodhani pale hazikupita pembe na karafuu peke yake. Vitambaa vilikuja kwetu, watu wakapelekwa kwao. Bhai hakuwahi kutusimulia hilo, na sisi hatukuwahi kumuuliza.

Asubuhi yake nikafanya kosa. Nilimwambia dereva wa tuktuk nataka ajrakh, kile kitambaa cha kupigwa chapa kwa mkono, naye akanipeleka moja kwa moja kwenye duka lenye kiyoyozi ambako alipokewa kwa jina. Nikauziwa kitambaa cha buluu na chekundu kwa rupia 600, na muuzaji akaapa kwamba ni kazi ya mkono. Nikalipa. Binti wa muuza leso mzima!

Nilijua nimeliwa nilipofika Ajrakhpur, kijiji kilomita chache mashariki ya Bhuj. Kijiji chenyewe ni kipya kuliko mimi. Wapiga chapa walikuwa kijiji kingine, Dhamadka, na baada ya tetemeko maji ya kule yakazidi chuma, na chuma kikiingia kwenye rangi kinaitia weusi usiotakiwa. Basi familia kadhaa za Makhatri, jamii ya wapiga chapa hao, zikanunua ardhi hapa, zikachimba visima, zikakiita kijiji jina la kitambaa. Mmoja wa waliowaongoza, Ismail Mohammed Khatri, ana shahada ya heshima ya udaktari kutoka chuo kikuu cha De Montfort kule Leicester. Watu wa fani hii wanamtaja kama sisi tunavyomtaja shekhe aliyesomesha mji mzima.

Niliingia karakana moja kwa kufuata mlio. Tap-tap, kimya, tap-tap. Kijana amesimama mbele ya meza ndefu, kibao cha mti mkononi, anakichovya kwenye sinia, anakiweka juu ya kitambaa, kisha anakipiga mgongoni mara mbili kwa sehemu ya chini ya kiganja. Hachori mstari wala hapimi kwa rula. Pembe ya chapa hii inaikuta pembe ya chapa iliyopita kama milango miwili inavyofungana. Nikamuuliza hii inaitwaje. "Chhap." Na hii? "Rang." Nikacheka peke yangu. Chapa na rangi tulizichukua kwao na kuzifanya zetu zamani sana, ndiyo maana siku ile nilielewa nusu ya kazi kabla ya kuelezwa.

Nusu nyingine alinieleza mjomba wake, mwenye mikono ya buluu mpaka kwenye viwiko. Kitambaa kinafuliwa kwanza kwa mavi ya ngamia, magadi na mafuta ya mbarika, kinaanikwa, kinafuliwa tena. Kinachovywa kwenye maji ya tunda liitwalo harde, kinatoka na umanjano. Ndipo kinapigwa chapa ya kwanza, ambayo haina rangi yoyote: ni chokaa na ulimbo wa mgunga, na kazi yake ni kuzuia. Palipozuiwa, nili haitaingia. Nyeusi inatoka kwenye vyuma chakavu vilivyorowekwa na sukari guru mpaka vinuke, ikatiwa unga wa kokwa za ukwaju iwe nzito. Nyekundu inatokana na shabu pamoja na mizizi inayochemshwa kwenye sufuria kubwa ya shaba. Hatua kama 14 au 16, ukihesabu kila kufua. Nikauliza siku ngapi. Wiki mbili, tatu, kutegemea jua. Wenyewe wana mzaha kwamba ajrakh ni "aaj rakh", iache leo, jibu la kumpa mteja mwenye haraka. Wengine husema ni azrak ya Waarabu, yaani buluu. Mimi nimechagua ya kwanza.

Nikatoa kile cha rupia 600. Mjomba hakusema neno. Alikigeuza tu. Upande wa ndani ulikuwa mweupe. Halafu akachukua chake, akakigeuza, na pande mbili zikawa sawa sawa, kwa sababu zimepigwa chapa zote mbili, mstari juu ya mstari. Nikanunua kwa rupia 1,900, akanikunjia kwenye gazeti. "Mara ya kwanza ukifue peke yake," akasema, akarudia kwa mkono ili nielewe: peke yake.

Siku ya tatu nikaelekea kaskazini, safari hii na dereva mwingine, kijana mpole mwenye mama mgonjwa kama wangu. Tukasimama Nirona, kama kilomita 40 kutoka Bhuj. Wageni wengi huenda kule kwa ajili ya rogan, ule uchoraji wa mafuta ya mbarika yaliyochemshwa mpaka yakawa kama utomvu. Mchoraji anaweka bonge la rangi kwenye kiganja, anavuta uzi mwembamba kwa kijiti cha chuma, anaulaza kwenye kitambaa bila ncha kukigusa, kisha anakunja kitambaa katikati na mchoro unajinakili upande wa pili. Ni ajabu ya macho, na mwaka 2014 waziri mkuu wao alimpelekea Obama zawadi ya uchoraji huo. Nilikaa pale dakika 20. Kwa mhunzi wa kengele nilikaa mpaka dereva akalala kwenye gari.

Mzee anakaa chini, uani, fuawe kati ya miguu. Anachukua bati la chuma chakavu, analikunja kwa nyundo liwe kopo refu, na kingo zake anazipandisha moja juu ya nyingine zikashikana. Hakuna kulehemu popote. Kisha analipaka tope, ananyunyizia unga wa shaba, analifunga lote kwa udongo uliochanganywa na pamba, kama mtu anavyofunga samaki kwenye jani la mgomba, linaingia tanurini. Likitoka na kupasuliwa, chuma kimevaa ngozi ya shaba. Mkewe ndiye aliyekuwa akifunga udongo, kwa kasi ambayo sikuweza kuifuata kwa macho.

Basi mtu ungedhani kazi imekwisha. Mzee akatia ulimi wa mti, akatikisa, akasikiliza. Akagonga ukingo kwa nyundo ndogo, mara moja, kwa adabu, akatikisa tena. Uso haukubadilika. Akagonga mahali pengine. Mimi sikusikia tofauti yoyote. Mara ya tano au ya sita akanitazama akainua nyusi, na wallahi mara hii nilisikia: ule mtetemo wa kopo ulikuwa umetoka, ikabaki sauti moja yenye mkia mrefu.

Zina saizi 14, kila moja na jina lake. Wafugaji hawanunui kwa uzuri. Wanakuja na kukaa, wanasikiliza nyingi, wanachagua zinazoelewana na walizo nazo nyumbani, ili mtu akisikia gizani ajue huyu ni wangu na yule ni wa jirani. Nikanunua moja ya mbuzi, kubwa kama kikombe cha kahawa.

Kutoka pale ni Banni, nyika tambarare mpaka macho yachoke, na baada ya Banni ni jangwa la chumvi, Rann, na baada ya chumvi ni Pakistan, kwa hiyo kuna kituo cha kuchukua kibali na askari anayeandika pasipoti yako pole pole. Mahali pa kulala palikuwa nyumba za duara za udongo, bhunga, ukuta umepambwa kwa tope na vioo vidogo vidogo. Nyumba hizi nyingi zilistahimili tetemeko lile lililoangusha za saruji. Wenyeji ni Waislamu, wafugaji, wanawake wamevaa taraza nzito za rangi kama kumi hivi, na mimi na buibui langu jeusi nilionekana kama kunguru kati ya chiriku. Walinipa mkate wa mawele, moto, na siagi nyeupe na bonge la sukari guru, ambayo wao wanaiita gur. Mawele! Sikuwa nimeyala tangu bibi afe.

Ile chumvi yenyewe nitaisema kwa ufupi, maana picha zake mmeshaziona. Nyeupe kweli, na jua likizama inakuwa ya waridi. Masika ya kule huwa ni maji matupu, na maji yakikauka ndipo inapobaki. Lakini palikuwa na vipaza sauti, ngamia waliovishwa maua ya plastiki, na foleni ya watu wa kujipiga picha wakiruka. Nikatembea mpaka kelele zikapungua, nikainama nikaonja. Munyu, kama wa Gongoni.

Usiku wakaja wanaume wanne, wakaketi kwenye mkeka mbele ya moto. Mmoja alikuwa na filimbi mbili mdomoni kwa wakati mmoja, jodiya pawa. Moja inashika sauti isiyobadilika, nyingine inazunguka juu yake. Hakatizi pumzi. Nilitazama mashavu yake nikitafuta anapovutia hewa nikashindwa. Mwingine alipiga chungu kwa mkono wa pete na karai la chuma kwa mkono wa pili, kitu wanachokiita ghado gamelo, yaani chungu na karai, hawakujisumbua kutafuta jina. Wageni wenzangu kutoka mjini waliwavumilia kwa nyimbo mbili, kisha wakaomba ya sinema. Wakapiga ya sinema. Wakaomba nyingine. Wakapiga nyingine, kwa tabasamu lile nilimwona nalo mama dukani miaka 19.

Saa tano wageni wakaenda kulala. Wale wanne hawakuondoka. Wakasukuma kuni, mmoja akawasha biri, na mzee aliyekuwa kimya usiku kucha akakohoa akaanza kuimba kwa sauti nyembamba ya juu, kama ya mwanamke anayeita mtu ng'ambo ya mto. Hiyo ni waai, aina ya wimbo wao. Maneno ni ya Shah Abdul Latif, mshairi wa Sindh, ambayo leo iko Pakistan, aliyefariki mwaka 1752, wakati ambapo mpaka haukuwepo. Dereva wangu alinitafsiria kwa kunong'ona: mwanamke ameamka mume hayupo, shemeji zake wamemchukua na ngamia, naye anafuata nyayo jangwani kwa miguu. Hakuna aliyepiga makofi mwishoni. Wenzake waliitikia tu kwa koo, "ha", kama wazee wa kwetu wanavyofanya utenzi ukifika mahali pake.

Nililala na mablanketi matatu ya taraza juu yangu. Nyati wa Banni hulisha usiku, hawachungwi na mtu, na hurudi wenyewe alfajiri kukamuliwa. Sikuwa najua hilo. Nilichojua ni kwamba nimeamshwa gizani na kengele, moja mbali, nyingine mbali zaidi, halafu nyingi, zikija. Nje mwanamke akajibwaga kutoka kitandani, akasikiliza, akasema kitu kwa ukali, na kutokana na masomo ya Biashara Street nilielewa kwamba kuna mmoja hajarudi.

Ahmedabad nilimkuta mama amekaa na kigari chake cha kutembelea mbele yake kama askari wa zamu. Nikampa vitambaa vyote viwili bila kusema lolote. Cha kwanza alikigeuza, akakirusha kwa Khalati: "Shika, funikia sufuria." Cha pili alikigeuza. Akakigeuza tena. Akatafuta pembe ambapo chapa zinakutana, akainusa, akaisugua, akanusa kidole.

"Huyu aliyepiga ni mtu mzima?"

"Kijana."

"Mm." Akakikunja akakiweka chini ya mto, pale zilipokuwa pesa.

Nilikuwa nimesahau agizo moja. Kesho yake Khalati, kwa wema wake, akakitia beseni moja na mtandio wake mweupe wa kuswalia. Tusiseme zaidi. Siku zote zilizobaki aliswali na mtandio wa samawati, na kila akimaliza kutoa salamu alikuwa akinitazama.

Kengele aliifunga yeye, kwenye kigari cha mama, kwa kamba ya kiatu, baada ya kumkuta mara mbili akizurura usiku bila kumwamsha mtu. "Mimi nyati?" mama akalalamika, lakini hakuifungua. Mfuko wa sukari guru niliouleta kutoka Banni Khalati aliuficha kabatini, kwa sababu daktari amekataza.

Usiku wa mwisho, saa tisa hivi, kengele ikalia. Ina mkia mrefu kweli. Khalati, macho hajayafumbua, akauliza gizani:

"Choo au jikoni?"

Kimya. Halafu mama:

"Choo."

Na kengele ikaelekea jikoni.